Kesi Isiyo na Hakimu: Namna Mary Shelley Alivyoimaliza Frankenstein

Hata mtu ambaye hajawahi kuifungua riwaya ya Frankenstein huujua mwisho wake, au hudhani anaujua: mwanasayansi alijitia kufanya kazi ya Mungu, jitu lake likamgeuka, wote wawili wakaangamia, na sisi tukaachiwa funzo kuhusu elimu iliyovuka mpaka. Mwisho huo ni wa majukwaa na sinema. Ule alioandika Mary Shelley, uliochapishwa London tarehe 1 Januari 1818 katika juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mwandishi, ni mwingine kabisa. Humo muumba anafia kitandani akiwa hajioni na hatia, kiumbe ndiye anayeomba radhi, na mtu pekee aliyebaki wa kuamua nani mkosaji anashindwa kuamua. Jitu halimuui muumba wake kwa mkono wake. Na kifo cha jitu lenyewe hatukioni.

Suala la nani ahukumiwe limeandaliwa tangu mapema. Wanaokisoma kitabu kwa ajili ya vitisho huzipita mahakama zake mbiombio, nazo ni tatu. Geneva, Justine Moritz, mtumishi aliyekulia nyumbani kwa akina Frankenstein, anashtakiwa kumuua mtoto William kwa kuwa picha ndogo aliyokuwa ameivaa mtoto imekutwa mfukoni mwake. Padri anamtisha kwa kutengwa na kanisa na kwa moto wa jehanamu mpaka anakiri kosa asilolitenda, naye anauawa. Victor Frankenstein, kaka wa mtoto huyo na ndiye mwanasayansi aliyeliumba jitu lililomuua, anaijua kweli na yumo mlemle mahakamani, kimya. Paris, baba yake Safie, mhusika mwingine wa kitabu, mfanyabiashara Mturuki, anahukumiwa kifo kwa dini na mali yake zaidi kuliko kwa kosa lolote. Ireland, Victor mwenyewe anakamatwa kwa mauaji ya rafiki yake Henry Clerval, na anaachiwa inapothibitika kwamba wakati mwili unaokotwa yeye alikuwa visiwa vya Orkney. Aliyeachiwa na sheria yenyewe ni huyo mmoja tu, kijana wa ukoo wenye jina, aliyepata hakimu mpole na baba wa kusafiri kumfuata. Mtumishi hakupata hayo. Kwa hiyo tunapofika kwenye meli ambamo Victor atafia tumeshafundishwa kutoiamini hukumu ya mtu, na hapo ndipo Shelley anapoifungua kesi ya nne.

Kesi hiyo inaendeshwa kwa barua. Nahodha Robert Walton, Mwingereza anayetafuta njia ya bahari kupitia Ncha ya Kaskazini, na aliyemwokota Victor barafuni akimsaka Kiumbe wake, anamwandikia dada yake Margaret Saville. Barua ya kwanza ni ya 11 Desemba kutoka St. Petersburg, maandishi ya mwisho yana tarehe 12 Septemba. Miezi tisa na siku moja. Wahakiki wameliona hilo siku nyingi, pamoja na herufi za kwanza za Margaret Walton Saville zinavyolingana na za Mary Wollstonecraft Shelley, aliyezaliwa 30 Agosti 1797 na kufiwa na mama yake tarehe 10 Septemba. Kwa kawaida uhakiki wa kuhesabu herufi na tarehe hunichosha. Ila katika kitabu kinachohusu kiumbe aliyezaliwa bila mama, kuukataa kunataka ubishi mwingi kuliko kuukubali.

Tazama siku za mwisho zilivyopangwa. Tarehe 2 Septemba meli imezingirwa na milima ya barafu. Tarehe 5 baadhi ya mabaharia wameshakufa, na wenzao nusu dazani wanaingia kabini kama wajumbe, wanamtaka nahodha aahidi kwamba barafu ikiachia atageuza meli kwenda kusini. Victor, aliye mahututi, anajiinua na kuwahutubia: wawe wanaume, wawe zaidi ya wanaume, wasirudi kwa watu wao na aibu ya kushindwa usoni. Tarehe 7 Walton anakubali kurudi. Tarehe 9 barafu inaanza kupasuka kwa vishindo vya radi. Tarehe 11 njia ya kusini iko wazi, mabaharia wanapiga kelele za furaha, na kelele hizo ndizo zinazomzindua Victor na kumjulisha kwamba msako wake umekwisha. Anajaribu kuruka kitandani, anaanguka na kuzimia. Daktari wa meli anasema zimebaki saa chache.

Anayedai kwamba riwaya hii inafundisha kujua kikomo aisome vizuri barua ya tarehe 7. Walton harudi kwa sababu kisa cha Victor kimemwingia. Anarudi kwa sababu watu wake wamekataa, na analalamika waziwazi kwamba matumaini yake yameharibiwa na woga na kusitasita, kwamba anarejea bila ujuzi alioufuata. Waliojua pa kukomea ni mabaharia, ambao hata majina hawakupewa. Aliyejaribu kuwazuia ni yuleyule ambaye vitabu vya mashuleni humtaja kama kielelezo cha mtu aliyejifunza kwa gharama kubwa.

Hotuba ya kufa ya Victor ina sehemu mbili, na watu hunukuu moja. Kwanza anamwambia Walton atafute furaha katika utulivu na aepuke tamaa ya makuu, hata ile inayoonekana haina ubaya ya kujipatia jina katika sayansi. Hapo ndipo wanapofunga kitabu. Sentensi inayofuata inaufuta wosia wote: kwa nini nasema hivi? Mimi nimeanguka katika matumaini hayo, lakini huenda mwingine akafaulu. Na kabla ya maneno hayo ameshasema kwamba siku hizo za mwisho amekuwa akiyapitia matendo yake na haoni la kulaumiwa. Anakubali, kwa sentensi moja, kwamba alikuwa na wajibu wa kumhakikishia kiumbe wake heri kadiri ya uwezo wake. Kisha anaweka juu yake wajibu mwingine, kwa wanadamu wenzake, na shauri linaishia hapo. Usiku wa Novemba kule Ingolstadt, Ujerumani, alipomaliza kumuumba Kiumbe, akayaona macho yale ya manjano yakifunguka na kukimbia kutoka chumbani, hautaji hata kidogo.

Huu ndio ufa ambao tafsiri ya "mwanadamu asicheze na kazi ya Mungu" haiwezi kuuziba. Kama kosa ni kuumba, basi Victor angepaswa kufa akijuta kuumba. Anachojuta ni kwamba adui yake bado yu hai. Methali yetu ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo humchukulia mzazi kuwa amelea, vyema au vibaya. Victor hakufika hata hapo. Ndiyo maana sielewi sana jina la Frankenstein linapotupwa kila siku katika mijadala ya akili mnemba kama onyo la "tusitengeneze". Kitabu kina mengi zaidi ya kusema kuhusu miezi na miaka inayofuata baada ya kutengeneza: nani anabaki na kilichotengenezwa, nani anakipa jina, nani anaripoti mahakamani anachokijua. Katika yote hayo Victor amefeli, na alianza kufeli kabla Kiumbe hajamgusa mtu yeyote.

Victor anakata roho. Walton anaandika, kisha anaikatiza barua katikati: ni usiku wa manane, upepo ni mzuri, na kutoka kabini ilimo maiti inasikika sauti kama ya mtu, ila nzito zaidi; lazima ainuke akatazame. Aya inayofuata ameshaona. Mbinu ni rahisi, lakini inafanya kazi kubwa. Mpaka hapo kila neno la Kiumbe tulilolisikia lilipita mdomoni mwa Victor na kisha kalamuni mwa Walton, na Victor aliomba kuyaona maandishi hayo akayasahihisha na kuyaongezea mahali pengi, hasa mazungumzo kati yake na adui yake. Yaani mlalamikaji ndiye aliyehariri maelezo ya mshtakiwa. Sasa mlalamikaji amekufa, na kwa mara ya kwanza Kiumbe anasema mbele ya msikilizaji ambaye hakuhusika. Victor alikuwa ameliona hilo mapema na kumwonya Walton: ni fasaha, anajua kushawishi, usimwamini. Onyo la namna hiyo kutoka kwa upande mmoja wa kesi lingemtia shaka wakili yeyote.

Kwanza Kiumbe hazungumzi na Walton. Anazungumza na maiti. Anasema huyu naye ni windo lake, kwamba kwa kifo hiki makosa yake yametimia. Anauliza kuna faida gani kumwomba msamaha sasa. Kisha anatambua kwamba mwili ni wa baridi na haujibu. Kwangu mimi tanzia ya kitabu chote imelala hapa. Maombi mawili yamepishana njia. Juu ya barafu ya Montanvert, kwenye milima ya Alps, Kiumbe alimwomba Victor asikilizwe, kisha apewe mwenzi. Victor akaahidi, akaanza kazi Orkney, halafu akamrarua yule wa kike kabla hajakamilika na kuvitupa vipande baharini ndani ya kikapu. Sasa Kiumbe anaomba kitu kimoja tu, radhi, na anayeombwa hayupo tena. Hata kama angekuwepo, ameshatuambia saa chache nyuma kwamba haoni alipokosea, na mtu wa namna hiyo hana radhi ya kumpa wala kumwomba mwenzake.

Tendo la mkono katika tukio hili halikuwekwa ovyo. Usiku ule wa Ingolstadt Kiumbe alilifungua pazia la kitanda cha Victor, akatabasamu kwa namna alivyoweza, akanyoosha mkono mmoja. Victor alikimbia. Kabini, Kiumbe ameinama juu ya kitanda kingine cha Victor, nywele zimeufunika uso, na mkono mmoja mkubwa umenyooshwa, rangi yake na ngozi yake kama ya maiti iliyokaushwa Misri. Ni watu walewale wawili, kitanda, na mkono uleule uliokosa wa kuupokea. Mara hii Victor hawezi kukimbia, lakini pia hawezi kuupokea. Shelley hasemi "kumbukeni ule usiku wa kwanza". Ameacha msomaji aunganishe mwenyewe, na wasomaji wengi hawaunganishi kwa sababu zaidi ya sura kumi na tano zimepita katikati.

Walton, aliyeombwa na marehemu aikamilishe kazi ya kumuua adui, anakaa na silaha ya lawama tu. Anamwita mnafiki. Anamfananisha na mtu anayetupa mwenge katika majengo, kisha akakaa kwenye majivu akililia. Kiumbe anapokea sehemu kubwa ya mashtaka: amewanyonga wasio na hatia wakiwa usingizini, na chuki ya Walton kwake haifikii ile anayojichukia mwenyewe. Ila hakubali kuwa mkosaji peke yake. Mbona hamumchukii Felix, kijana wa familia ambayo Kiumbe aliisaidia kwa siri, aliyemfukuza rafiki mlangoni kwake? Mbona hamumlaani mkulima aliyempiga risasi aliyemwokoa mtoto wa watu asife maji? Maswali haya hayajibiwi. Walton hana neno baada yake, wala Margaret hajibu, kwa kuwa kitabu hakina barua hata moja iliyotoka kwake. Hakuna mwingine aliyeshuhudia mazungumzo; Kiumbe ataondoka kwa kupitia dirishani. Kesi imefunguliwa, ushahidi umetolewa, kiti cha hakimu ni kitupu.

Halafu inakuja ahadi ya moto. Kiumbe anasema ataondoka kwa kipande cha barafu kilichomleta, afike mwisho kabisa wa kaskazini, akusanye kuni za kujichomea na kuuteketeza mwili wake. Hapa msomaji mwenye mazoea ya kuuliza maswali ya fundi lazima asimame: kuni zipi? Bahari ile haina mti. Kuna magogo ya mito ya Siberia yanayoelea mpaka mbali, lakini mtu hatayategemea kulichoma jitu la futi nane. Jibu moja ni la zama zile. Wengi waliamini kwamba kwenye Ncha yenyewe kuna bahari wazi, na Walton katika barua yake ya kwanza anaota nchi ya jua lisilozama, isiyo na theluji. Miezi michache baada ya kitabu kutoka, Uingereza ilituma meli mbili chini ya David Buchan kuijaribu njia hiyo, zikazuiwa na barafu karibu na Spitsbergen. Jibu la pili ndilo ninaloliona na nguvu zaidi: Shelley hakuhitaji kuni, alihitaji ahadi isiyoweza kuhakikiwa. Yote tuliyo nayo ni kauli ya Kiumbe kwamba atafanya.

Sababu anayoitoa ni ya kiutendaji kuliko ya huzuni. Hataki mabaki yake yampe mwanga mdadisi yeyote wa kuumba mwingine kama yeye. Kumbuka kwamba ni yeye aliyeokota kwenye mfuko wa nguo za Victor shajara ya miezi minne ya kazi ile ya kuumba. Anajua vizuri siri inavyoweza kuokotwa na kusomwa. Victor alikataa kumweleza Walton namna alivyofanya, kisha kitandani akaacha mlango wazi kwa "mwingine". Anayepanga kuufunga mlango huo ni Kiumbe, kwa kuuharibu ushahidi uliobaki, nao ni mwili wake.

Sentensi ya mwisho ina historia yake, na inastahili kutazamwa. Rasimu ya mkono wa Mary imehifadhiwa Maktaba ya Bodleian, Oxford, ikiwa na masahihisho ya mumewe Percy, na kurasa za mwisho za nakala safi ziliandikwa kwa mkono wa Percy. Katika rasimu ya Mary, Kiumbe anaruka dirishani, anajisukuma kwa nguvu zake mwenyewe kutoka ubavuni mwa meli, mawimbi yanamchukua, na Walton anasema: nikampoteza machoni upesi, kwa giza na umbali. Katika kitabu kilichochapishwa, Kiumbe hajisukumi tena. Anachukuliwa tu na mawimbi, akapotea katika giza na umbali. Percy amepata sentensi yenye mdundo mzuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini amemwondoa Walton, na pamoja naye ameondoa mpaka wa anachokijua Walton. "Sikumwona tena" ni maneno ya shahidi. "Akapotea" yanakaribia kuwa taarifa ya kifo. Amemnyang'anya Kiumbe pia tendo lake la mwisho la hiari. Ningekuwa mhariri wa chapa mpya ningeirudisha ya Mary, hata kama sikio lingelalamika. Mary mwenyewe hakuirudisha alipokipitia kitabu upya kwa chapa ya 1831. Huko alibadilisha mengi, akamfanya Elizabeth, mchumba wa Victor, kuwa mtoto wa kuokotwa badala ya binamu na kumpa Victor maneno mengi zaidi ya majaliwa, lakini kabini ya Walton aliiacha karibu kama ilivyokuwa.

Walioiharibu ni wengine, nao walianza mapema. Tamthilia ya Richard Brinsley Peake ilipanda jukwaani London mwaka 1823, Mary akiwa mmoja wa watazamaji mwishoni mwa Agosti. Alifurahi kuona kwamba kwenye orodha ya waigizaji nafasi ya Kiumbe imeandikwa kwa vistari tu, bila jina. Lakini Peake alifanya jambo moja lililoamua kila kitu kilichofuata: alimfanya Kiumbe bubu. Kiumbe asiye na ulimi hawezi kutoa ushahidi, na bila ushahidi mwisho wa Shelley hauna kinachouendesha. Kinabaki kitanda, maiti na mgeni anayenguruma. Lazima uletwe mshindo kutoka nje. Peake akaporomosha theluji ya mlimani ikawafukia wote wawili. Filamu fupi ya studio za Edison ya mwaka 1910 ikalifanya jitu litoweke ndani ya kioo. Ile ya Universal ya mwaka 1931, iliyomletea Boris Karloff umaarufu, ikalifungia ndani ya kinu cha upepo na wanakijiji wakakitia moto, huku muumba akipona na baba yake akinyanyua bilauri kumtakia mjukuu. Kila mara hukumu inatolewa, na inatolewa na mlima, kioo au umati wenye mienge; miaka minne tu baadaye studio ileile ikalitoa jitu hai chini ya kinu kwa ajili ya sehemu ya pili, kwa sababu hukumu ya umati haikuwa imemaliza lolote zaidi ya ile iliyomuua Justine.

Filamu ya Kenneth Branagh ya mwaka 1994 ilikaribia zaidi ya hizo. Ilirudisha barafu, ikamrudisha Walton na mabaharia wake, ikampa Kiumbe ulimi wa kusemea. Kisha ikaziweka kuni mbele ya kamera, ikamlaza Victor juu yake, ikampa Kiumbe mwenge mkononi, na wote wawili wakaungua huku tukitazama.